Kamera ya Kwanza ya DSLR: Soma Kisichoandikwa Kwenye Boksi

Kwenye send-off moja pale Sinza nilikuwa na kamera mpya kabisa, Canon 2000D, bado ina stika. Flashi nilikuwa nimeinunua mchana wa siku hiyohiyo, ya bei nafuu. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikamulika, akaniambia, "Hii inakaa kwenye kamera yoyote, bosi." Ni kweli, ilikaa. Bibi harusi mtarajiwa akaingia na wapambe wake, ukumbi mzima ukasimama, nikabonyeza. Kamera ikalia, flashi kimya. Nikaichomoa nikairudisha, kimya. Nikabadilisha betri, kimya. MC akaita kwenye maiki, "Mpiga picha wetu, tunaomba usogee," nami nipo hapohapo mbele napapasa kama mtu aliyepoteza funguo gizani. Picha zote za kuingia ukumbini nilizipata kwa kile kiflashi kidogo cha kamera yenyewe: paji la uso linang'aa, nyuma giza totoro.

Kesho yake, kwenye mwanga wa dirisha, nikaona. Pale juu ambapo flashi inachomekwa, kamera nyingi zina pini ya mviringo katikati. Flashi rahisi huwashwa na pini hiyo peke yake. Kwenye 2000D, kama ilivyo kwa 4000D na 250D, Canon waliitoa. Kamera hizo zinataka flashi ya Canon, au ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kuongea nazo kwa zile pini ndogo za pembeni. Boksi halikuniambia hivyo. Boksi linaandika kilichomo: megapikseli 24, Wi-Fi, video ya Full HD. Kilichotolewa ili bei ishuke utakigundua mwenyewe, tena mbele za watu.

Kamera za DSLR (zile zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha) za kuanzia zinafanana sana kwa picha zinazotoa. Tofauti yake iko kwenye vitu vidogo vilivyopunguzwa, na kuchagua ni kujua kipi kati ya hivyo huwezi kukikosa.

Hatua ya 1: Taja kazi kabla ya kutaja kamera

Ukiingia dukani Kariakoo na kusema "nataka kamera nzuri", utapewa ile iliyokaa muda mrefu kwenye kabati. Kaa nyumbani kwanza, andika kwenye karatasi kazi moja ambayo ndiyo itakayolipa kamera hiyo. Moja tu. Nyingine zitakuja zenyewe.

Kama ni paspoti na studio ndogo ya mtaani, mwanga unautengeneza mwenyewe na mteja amekaa kwenye kiti. Hapo karibu kila DSLR ya miaka kumi na zaidi iliyopita inatosha. Usichoweza kukikosa ni ile pini ya katikati, kwa sababu flashi za studio na vile vifaa vidogo vya kuziwasha bila waya, vya bei ya chini, vinaitegemea. Ndiyo maana kwa kazi hii 1300D ya mtumba inakufaa kuliko 2000D mpya.

Kama ni shughuli, yaani harusi, send-off, kicheni pati, ubarikio, utapiga usiku kwenye kumbi zenye taa za zambarau na kijani, na watu hawatulii. Hapo kamera ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni lenzi inayopitisha mwanga mwingi na flashi inayoweza kuelekezwa juu kwenye dari.

Kama ni video (mahojiano, mahubiri, vipindi vya mtandaoni), vitu vitatu: tundu la maiki, skrini inayogeuka, na fokasi inayomfuata mtu bila kuhangaika. Kamera ikikosa tundu la maiki, sauti yako itakuwa ya feni na bodaboda. Mtazamaji atavumilia picha yenye chengachenga lakini sauti mbovu hafiki nayo dakika ya pili.

Picha za bidhaa, kama viatu, keki, vitenge vya kuuza Instagram, hazina masharti. Ukipata yenye Wi-Fi ya kurusha picha kwenye simu utaokoa muda. Kamera yoyote, meza karibu na dirisha, kitambaa cheupe, basi.

Na kama ni kujifunza tu, usinunue mpya. Nunua ya mtumba iliyo safi, uitumie mwaka, uiuze. Hasara yako itakuwa ndogo.

Hatua ya 2: Futa megapikseli kwenye hesabu

Hii nitaipita haraka. Kamera ya megapikseli 18 inatoa picha ya nukta 5184 kwa 3456. Karatasi ya A3, ikichapishwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, inataka kama 4960 kwa 3508. Maana yake picha ya 18 inajaza A3 karibu kikamilifu. Mteja wako wa mwisho kutaka A3 alikuwa lini? Wengi wanataka picha za WhatsApp. Kati ya 18 na 24 hakuna kitu cha kulipia peke yake.

Hatua ya 3: Jua kuwa kamera moja ina majina matatu

Hapa watu wanalizwa kila siku. Canon huuza kamera ileile kwa jina la namba Ulaya, kwa jina la Rebel Marekani, na kwa jina la Kiss Japani. Dar zinaingia zote, kwa kuwa mtumba hauchagui bandari. Nimeshuhudia kijana akiongezewa bei kwa sababu "hii ni Rebel ya Marekani, siyo hizi za kawaida," wakati ya kawaida iliyokuwa pembeni yake ilikuwa pacha wake.

600D ni Rebel T3i ni Kiss X5. 700D ni T5i ni Kiss X7i. 1300D ni T6 ni Kiss X80. 2000D ni T7 ni Kiss X90, na ukikuta imeandikwa 1500D ni hiyohiyo, ya soko la Asia. 200D ni SL2 ni Kiss X9. 250D ni SL3 ni Kiss X10. 4000D utaikuta pia kwa jina la 3000D au T100. Ipige picha orodha hii kwa simu uende nayo.

Zikitoka Marekani au Japani, chaja itakuwa na pini bapa zisizoingia kwenye soketi zetu za matundu matatu. Si tatizo. Geuza chaja usome maandishi madogo. Ikiandikwa 100-240V, inakubali umeme wetu na unahitaji adapta ya soketi tu. Menyu ikifunguka kwa Kijapani, mwambie muuzaji aiweke Kiingereza mbele yako, kabla ya pesa kutoka.

Hatua ya 4: Nani anakosa nini

Hapa ndipo penye nyama, twende taratibu.

Canon 4000D ya mwaka 2018 ndiyo utakayosukumiwa kama mpya ya bei rahisi. Ina megapikseli 18. Imepunguzwa kila mahali: pale lenzi inapofungwa ni plastiki badala ya chuma, skrini ni ndogo ya inchi 2.7 na hafifu, haina tundu la maiki, haina pini ya katikati, na kwenye kidirisha cha kuchungulia hakuna kile kigurudumu cha kurekebisha kwa wanaovaa miwani. Mimi sikushauri. Sijawahi kumwona mtu aliyeinunua akakaa nayo muda mrefu bila kutafuta nyingine.

2000D, ya 2018 pia, ni afadhali: megapikseli 24, skrini ya inchi 3, chuma pale kwenye lenzi. Haina maiki wala pini. Kwa mtu wa bidhaa au wa kujifunza anayetaka mpya yenye waranti, sawa. Kwa flashi za bei nafuu, umeshasoma yaliyonipata.

1300D ya 2016 ni dada yake mkubwa. Megapikseli 18, Wi-Fi ipo, pini ipo. Maiki hakuna. Studio ya paspoti, chukua hii.

700D ya 2013 ndiyo kamera ninayowatajia watu wengi kuliko zote, ingawa ni ya zamani. Ina tundu la maiki, skrini ya kugusa inayogeuka hadi mbele, na pini ya katikati. Wi-Fi haina, kwa hiyo utanunua kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, kitu kidogo. Betri yake ndiyo udhaifu: Canon wenyewe wanataja picha kama 440 kwa chaji moja, basi nenda na mbili kwenye shughuli, na tatu kama umeme una mazoea ya kukatika mtaani kwenu.

600D ya 2011 inafanana nayo, maiki na skrini ya kugeuka vipo, ila video inajikata yenyewe faili likifika GB 4, yaani kama dakika 12 za ubora wa juu. Risala ya baba wa bibi harusi haijawahi kuisha kwa dakika 12. Kuanzia 650D na 700D kamera inaendelea yenyewe kwenye faili jipya hadi dakika 29 na sekunde 59.

200D ya 2017, kama mfuko unafika, ndiyo bora ya kundi hili kwa anayechanganya picha na video. Ni ndogo, ina maiki, skrini ya kugusa inayogeuka, Wi-Fi, pini ipo, na ina fokasi ile ya Dual Pixel inayomfuata mtu kwenye video kama jicho. 700D kwenye video huenda mbele, nyuma, mbele, ndipo itulie. 200D inakwenda moja kwa moja. 250D ya 2019 iliongeza uwezo wa betri hadi picha kama 1070 na ikaja na 4K, lakini isikutie wazimu: ukiwasha 4K picha inakatwa pembeni, kila kitu kinaonekana karibu zaidi, na ile fokasi nzuri inazimwa. Na pini, tulishasema, hakuna.

Upande wa Nikon. D3400 ya 2016 na D3500 ya 2018 zinatoa picha safi sana, hasa ukihitaji kuinua sehemu za giza baadaye kwenye kompyuta, na betri ya D3500 inafika picha 1550 kwa chaji, unaweza kumaliza harusi na vunja jungu yake bila kuchaji. Tundu la maiki lilikuwepo kwenye D3300. Kwenye hizi mbili likatolewa. Umeona tabia hiyo? Toleo jipya, kitu pungufu.

D5300 ya 2013 na D5600 ya 2016 zina maiki na skrini inayogeuka, na fokasi ya vituo 39 ukichungulia, wakati Canon kadhaa nilizotaja zina 9. Kwa picha za mnato ningeichukua D5300 mbele ya 700D bila kufikiri mara mbili. Kwa video hapana: ukiwa unatazama kwenye skrini, ukubwa wa tundu la mwanga lililo ndani ya lenzi haubadiliki hadi utoke na kuingia tena.

Jambo kubwa zaidi la Nikon za D3000 na D5000: ndani ya kamera hamna mota ya fokasi. Lenzi lazima iwe na mota yake, iandikwe AF-S au AF-P. Lenzi ya zamani ya 50mm iliyoandikwa AF yenye herufi D mwishoni itaingia, itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Mawinga hawalisemi hili.

Canon au Nikon, basi? Waangalie jamaa zako. Ukiwa na rafiki mwenye Canon, siku lenzi yako ikianguka ukiwa Mbagala saa 1 jioni, unapiga simu unaazimwa. Mimi hapa Dar nimekuta wenye Canon wengi kuliko Nikon, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuishi na Canon. Haina uhusiano na ubora.

Utaulizwa pia kwa nini hununui mirolesi, zile zisizo na kioo ndani. Ni swali la haki: Canon na Nikon wote waligeukia huko tangu 2018, na D3500 na D5600 zimeshaacha kutengenezwa. Lakini ndiyo hasa iliyofanya DSLR za mtumba ziwe nyingi na za bei ya kuongeleka. Lenzi za Canon EF unazonunua leo zitavaa kwenye mirolesi zao za R kwa adapta, na fokasi inafanya kazi. Hujafunga mlango.

Hatua ya 5: Gawa pesa, lenzi ipate haki yake

Kosa la kawaida ni kumaliza pesa yote kwenye kamera. Ninachofanya mimi ni kutenga theluthi moja ya pesa yote kabla sijatoka nyumbani: hiyo ni ya lenzi ya pili, betri ya ziada, kadi mbili na begi. Kamera na lenzi yake ya kwanza zitoshe kwenye theluthi mbili zilizobaki. Zisipotosha, shuka daraja la kamera.

Lenzi ya kwanza inayokuja kwenye boksi ni 18-55mm, na zote hazilingani. Kwa Canon tafuta herufi IS. Maana yake inatuliza mtikisiko wa mkono. Ile iliyoandikwa III bila IS ni ya kupunguza bei. Kwa Nikon herufi ni VR. Wakikupa "ofa" ya lenzi mbili ikiwa na 75-300mm ya Canon, jua kuwa haina kituliza mtikisiko na ni kiza. Ukumbini itakupa ukungu. 55-250mm yenye IS na STM (mota ya fokasi iliyo tulivu) ndiyo ya kuulizia.

Ya pili, kwa yeyote anayepiga watu, ni 50mm f/1.8. Sikiliza hesabu hii, ukijua kuwa namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga linafunguka zaidi. 18-55 ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu. 50mm inafunguka f/1.8. Mwanga unaoingia ni karibu mara 10. Ukumbini hiyo ni tofauti kati ya bi harusi anayeonekana na kivuli cha bi harusi. Kwa Canon chukua ile ya STM ya mwaka 2015, kwa Nikon iwe AF-S. Ila kwenye kamera hizi 50mm inaona kwa ufinyu, kama 80mm kwenye Canon na 75mm kwenye Nikon, kwa hiyo chumba kidogo cha Manzese utagonga ukuta kwa mgongo kabla ukoo haujaenea kwenye picha. Mwenye Nikon ana bahati hapa: 35mm f/1.8G ya DX ni pana kidogo. Mwenye Canon atazame 24mm f/2.8 STM.

Hatua ya 6: Kukagua ya mtumba, dakika 20 bila aibu

Nenda asubuhi. Jioni Kariakoo watu wanasukumana, muuzaji ana haraka, nawe una daladala kichwani. Beba kadi yako mwenyewe, betri kama unayo ya aina hiyo, na simu yenye tochi. Akikwambia "hii fulu boksi, haina haja ya kupimwa," tabasamu uendelee kupima.

Anza na lenzi. Itoe, elekeza tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili ukiipinda pinda. Vumbi chache si neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au doa linalotawanyika kama barafu. Huo ni ukungu, na kwa joto na unyevu wetu wa pwani ni ugonjwa wa kawaida. Usiinunue hata kwa nusu bei.

Kisha jaribio ambalo wauzaji wengi hawalijui. Lenzi za 18-55 za Canon huchakaa utepe mdogo wa waya ulio ndani. Zikiwa wazi kabisa zinapiga vizuri, kwa sababu tundu la mwanga halisogei. Kwa hiyo weka Av (hali ambayo unachagua mwenyewe ukubwa wa tundu la mwanga), zungusha hadi f/11, piga kwenye 18, piga kwenye 35, piga kwenye 55. Ikitokea Err 01, lenzi na kamera hazielewani. Safisha zile pini za shaba kwa kitambaa kikavu ujaribu tena, ikirudi, acha. Ukiona Err 30, ni shata yenyewe, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga. Shukuru, ondoka.

Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, kuza picha kwenye skrini ukague kona zote. Madoa ya kijivu yasiyohama ni vumbi kwenye sensa, fundi anasafisha. Alama kama mstari au mkwaruzo ni habari nyingine. Halafu weka kifuniko cha lenzi, piga picha ya giza ya sekunde kadhaa, tafuta nukta nyekundu au za bluu. Moja mbili zinavumilika.

Umri wa shata. Nikon huandika idadi ya picha ndani ya faili la JPEG, utaisoma kwa programu au tovuti yoyote ya kusomea taarifa za picha. Usikubali kutumiwa kwa WhatsApp, inafuta taarifa hizo. Tumia kadi yako. Canon za kundi hili haziandiki kwenye picha, inabidi kompyuta, waya na programu. Nikon waliipima shata ya D3300 na D5300 hadi mara 100,000, kwa hiyo ukipiga picha 800 kwa shughuli moja, hiyo ni shughuli 125. Yenye 20,000 bado ni binti. Yenye 90,000 inaweza kuendelea sana, lakini bei iseme hivyo.

Baada ya hapo bonyeza kila kitu. Fungua flashi ndogo, geuza skrini pande zote, fungua na kufunga mlango wa betri, chomeka maiki usikilize. Betri ikiwa imevimba au inakwama kutoka, hesabu ya betri mpya uiweke kwenye bei. Raba ya kushikia ikiwa inanata au imeachia, kamera imekaa sehemu yenye joto au jasho jingi, kagua zaidi.

Mwisho, mwombe muuzaji asimame mlangoni, nusu uso kwenye kivuli, umpige. Skrini ikikuonyesha ngozi yake ilivyo, na kope zimekaa kwenye fokasi, una kamera. Wengi wanafurahia kupigwa, na bei huwa inalegea kidogo hapo.

Kadi za memori nunua kwa wasiwasi. Zipo zilizoandikwa GB 64 zikiwa na 8. Ukifika nyumbani ijaze yote kwa video, uifungue mwanzo hadi mwisho kabla hujaipeleka kazini.

Hatua ya 7: Karatasi

Mpya, dai risiti ya EFD yenye namba ya kamera, na waranti iandikwe ya nani: ya kampuni au ya duka. Mtumba kutoka kwa mtu binafsi, andikeni makubaliano, namba ya kamera ilingane na ya boksi kama lipo, na nakala ya kitambulisho chake. Akikataa kitambulisho, huenda kamera ina mwenyewe anayeitafuta.

Hatua ya 8: Usiku wa kwanza nayo

Ingia kwenye menyu, pale penye mfumo wa video, ubadilishe NTSC iwe PAL. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani au Japani huwa imepangwa kwa 60, na ndiyo sababu video za ukumbini zinacheza mistari myeusi kama luninga ya zamani. PAL, fremu 25, spidi ya shata 1/50. Nimewahi kuona kijana akitaka kuirudisha kamera dukani kwa ajili ya hilo tu.

Kama kamera yako haina pini, sasa ndio muda wa kuijaribu flashi, sebuleni. Za TTL (zinazojipimia mwanga zikiongea na kamera) za kampuni nyingine zipo zinazofanya kazi, ila hakikisha zimetajwa kwa jina la kamera yako, na uombe muuzaji azichomeke kwenye kamera yako mwenyewe, si yake.

Kuhusu hali ya hewa ya hapa. Kamera ikitoka kwenye ukumbi wa kiyoyozi kwenda nje usiku, lenzi inatoka jasho palepale. Iache kwenye begi lililofungwa kama dakika 20, ndipo uitoe. Coco Beach na Kigamboni usibadilishe lenzi kwenye upepo, na ukirudi futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, maana chumvi haionekani hadi vitufe vianze kukwama.

Na usiihifadhi kwenye begi. Begi linashika unyevu, ukungu unazaliwa humo. Mimi nina chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, kile chenye mfuniko wa kubana pande nne, ndani nimeweka pakiti za silika zile za kwenye maboksi ya viatu, kama kumi hivi, ninazibadilisha kila baada ya miezi michache. Lenzi yangu ya 50mm imekaa humo tangu nilipoinunua na ukiimulika tochi leo iko wazi kama maji. Mke wangu alikitafuta chombo hicho wiki nzima.